Oda ya Chakula Iliyofukiwa na Ofa: Uchambuzi wa Kisa cha Mpishi wa Segerea

Ofisi moja iliyoko Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, ilikuwa na semina ya siku mbili, watu 60, ikahitaji mtu wa kuhudumia chai ya saa nne, chakula cha mchana na maji. Ikamwandikia barua pepe mama mmoja wa Segerea anayepika kwenye shughuli, ikaomba profoma, yaani makadirio ya bei kwa maandishi, na ikataka majibu kabla ya saa kumi jioni ya kesho yake. Mama huyo alikuwa na vijana wa kumsaidia, alikuwa na majiko na masufuria, na wiki ile hakuwa na shughuli nyingine. Barua aliifungua siku tatu baadaye, ofisi ikiwa imeshampa mtu mwingine LPO, yaani oda rasmi ya manunuzi. Ilikuwa imelala katikati ya ofa za hotpoti, mikopo isiyo na dhamana, kozi za biashara ya mtandaoni na ujumbe wa mtu aliyedai kwamba kuna mzigo wake umekwama bandarini.

Mimi naendesha steshenari Tabata. Watu huja kutoa kopi na kuchapa wasifu, lakini wengi huja kwa sababu ya barua pepe: kufungua, kutuma maombi ya kazi, kutafuta ujumbe uliopotea. Mama huyu alikuja akiwa na hasira na huzuni kwa pamoja, akaweka simu mezani na kusema, "Mwanangu, nisafishie hii imeili. Imeshanikosesha hela." Amenipa ruhusa nikisimulie kisa chake, kwa sharti kwamba jina lake na la biashara yake nisiyataje. Nami sitaitaja tovuti inayohusika wala kampuni zilizokuja nyuma yake. Nimekiandika kirefu kwa sababu karibu kila mtu mwenye simu hapa mjini ana kipande cha kisa hiki mfukoni, na wengi wanadhani ni kero tu ya kuvumilia.

Ilivyoanza

Alikuwa anatafuta vyombo vya kupashia chakula mezani, vile vyenye mfuniko na moto chini, ambavyo watu wa semina na harusi siku hizi hawakubali mpishi aje bila hivyo. Akaikuta tovuti ya muuzaji wa jumla wa Kariakoo. Picha zilikuwepo, bei hazikuwepo. Kila alipogusa chombo aliambiwa ajisajili kwanza ndipo aone bei.

Akajisajili. Fomu ilidai jina la kwanza, jina la ukoo, simu, barua pepe na nenosiri. Kwenye jina la kwanza aliandika jina la biashara yake. Kwenye jina la ukoo, kwa kuwa fomu haikukubali kuendelea bila kitu, akaandika "Segerea". Lishike hilo jina, tutalihitaji.

Chini ya fomu palikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kilisema anakubali vigezo na masharti, na bila kukigusa huendi popote. Cha pili kilikuwa tayari kimewekwa tiki, kwa maandishi madogo ya kijivu: ningependa kupokea ofa kutoka kwetu na kwa washirika wetu. Yeye hakumbuki kukiona. Niliifungua fomu hiyohiyo kwenye kompyuta ya dukani, yeye akiwa pembeni yangu, tukakikuta kipo na tiki yake. Kwenye simu ndogo kama ya kwake, sehemu hiyo hufunikwa na kibodi ukiwa unaandika nenosiri. Kidole kikimaliza nenosiri kinakwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kujisajili.

Bei aliziona. Zilikuwa juu kuliko alizozipata kwa miguu yake Kariakoo, kwa hiyo hakununua kitu. Uhusiano wake na tovuti hiyo uliishia hapo, kwa upande wake.

Kwa upande wao ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Ofa ya karibu, ofa ya wikendi, "umesahau kitu kwenye kikapu chako", jarida la mwezi. Baadaye wakaanza kuingia wengine ambao hakuwahi kuwasikia: mkopeshaji wa mtandaoni, watu wa kozi, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Simu ikawa inalia kutwa. Mwanzoni alikuwa anafungua na kufuta. Akachoka, akawa anafuta bila kufungua. Mwishowe akafanya jambo ambalo ndilo kiini cha kisa hiki chote: akazima mlio wa barua pepe, akabakiza wa WhatsApp na wa kupigiwa.

Hasara iko wapi

Wanaokuja dukani kulalamikia matangazo ya barua pepe huniambia mambo mawili: yanamaliza bando na yanajaza nafasi. Tuliyaangalia yote mawili. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, zinazogawanywa kati ya barua, picha na faili. Nafasi yake ilikuwa inakaribia kujaa kweli, lakini kilichojaza kilikuwa ni picha za meza za harusi na nakala za WhatsApp. Matangazo yale yote kwa pamoja yalichukua sehemu ndogo sana. Bando nalo, ukilinganisha na video anazotumiwa kwenye magrupu ya familia, halikuumizwa na barua hizo.

Kwa hiyo ukimhesabia hasara kwa MB utamwambia hana la kulalamikia, na ndivyo alivyoambiwa na mpwa wake: "Mama mkubwa, si unafuta tu?" Lakini kufuta kunamtaka mtu asome jina la kila aliyetuma, aamue, afute, mara nyingi kwa siku, mikono ikiwa na unga. Hakuna anayeliweza hilo kwa miezi. Mtu huacha kusikiliza. Na akishaacha kusikiliza, hasikii tangazo wala oda. Hapo ndipo hela yake ilipopotelea. Aliyemtumia ofa ya hotpoti hakumwibia kazi ya semina, ila alimfanya asiwe tena mtu wa kupatikana kwa barua pepe, katika mji ambao ofisi bado zinaomba profoma na kutoa LPO kwa njia hiyohiyo.

Gari la matangazo lenye spika likipita Barakuda linaunguza mafuta na linamlipa dereva, kwa hiyo mwenye gari anafikiri mara mbili apite mtaa gani na saa ngapi. Barua pepe moja zaidi haimgharimu mtumaji karibu chochote. Hana sababu ya kuchagua nani atumiwe na nani aachwe, na hana sababu ya kukoma, isipokuwa apewe sababu hiyo na sheria, au na wenye mitambo ya barua, au na mpokeaji mwenyewe.

Nani hasa anatuma

Mama alitaka nizifute zote na kuzizuia zote siku hiyohiyo. Nilimwomba tusifute kwanza. Ukifuta umepoteza ushahidi, na matangazo ya kesho yatakuja vilevile. Tukazipanga kwa mtumaji.

Kundi la kwanza lilikuwa rahisi: barua zilizotoka kwenye anwani za tovuti yenyewe. Tulikuta anwani zaidi ya moja: moja ya ofa, moja ya jarida, moja ya ukumbusho wa kikapu. Hili ni la maana, kwa sababu kila moja inaweza kuwa orodha yake peke yake, na kujiondoa kwenye moja hakukuondoi kwenye nyingine.

Kundi la pili ndilo lililonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Mkopeshaji, watu wa kozi na wasafirishaji wa vifurushi wote walianza barua zao kwa "Habari" na jina la biashara yake, na mahali pawili waliandika "Mpendwa Segerea". Hakuna mtu duniani anayemwita mama huyu Segerea. Jina hilo aliliandika mahali pamoja tu, kwenye fomu ile. Kwa hiyo orodha ilitoka kule ikaenda kwa wengine ikiwa nzima, na jina lake la kubuni likiwa ndani. Mkiwa mnataka kujua ni nani aliyegawa anwani yenu, angalieni mnavyoitwa kwenye barua. Kosa la herufi au jina la utani ulilolitumia mahali pamoja ni alama ya kidole.

Kundi la tatu lilikuwa la matapeli. Mzigo umezuiwa, lipia ushuru hapa. Akaunti yako itafungwa, thibitisha nenosiri. Hawa hawakumwita kwa jina lolote. Anwani yake imeandikwa kwenye ukurasa wake wa Instagram ili wateja waione, na kuna programu zinazopita kwenye kurasa za wazi zikikusanya anwani. Sikuona haki kuibebesha tovuti ile mzigo wa kundi hili. Ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao kwa upande wa meseji za simu tumeshazoea kuwaripoti kwa kutuma namba zao kwenda 15040.

Kupanga makundi haya si mbwembwe za mtu wa kompyuta, maana dawa ya kundi moja ni sumu ya jingine. Kwa biashara halali, kiungo cha kujiondoa kilichopo chini ya barua ndiyo njia sahihi na mara nyingi kinafanya kazi. Kwa tapeli, kubofya kiungo hichohicho kunamthibitishia kwamba anwani ipo hai na mtu anasoma, au kunakupeleka kwenye ukurasa wa kukuibia nenosiri. Nimeona watu waliojiondoa kwa nguvu zote kwenye barua za matapeli wakaishia kupata nyingi zaidi.

Kuna na hili la picha. Barua nyingi za matangazo zina kipicha kidogo kisichoonekana, na kinapopakuliwa mtumaji anajua kuwa barua imefunguliwa. Tangu 2013 Gmail huzipitisha picha kwenye mitambo ya Google kwanza, kwa hiyo mtumaji hapati anwani ya mtandao ya simu yako, lakini habari ya kwamba umefungua bado inaweza kumfikia. Kwenye mipangilio kuna chaguo la kuulizwa kabla picha hazijaonyeshwa. Tuliliwasha.

Sheria inasemaje

Mama aliniuliza swali zuri: "Sasa mwanangu, si nilikubali mwenyewe? Si niliweka imeili yangu kwa mkono wangu?"

Aliweka ili aone bei. Hapo ndipo pa kusimamia. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Kwa muda mrefu ibara hiyo ilikosa sheria mahususi ya kuishika mkono kwenye mambo ya taarifa, hadi ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Aprili 3, 2024, hapahapa Dar es Salaam. Kwa lugha ya sheria hiyo, mwenye tovuti ile ni mkusanyaji wa taarifa, na anatakiwa awe amesajiliwa na Tume. Taarifa anazozikusanya lazima ziwe na lengo lililo wazi na halali, na hatakiwi kuzigeuzia matumizi yasiyoendana na lengo hilo. Na mwenye taarifa ana haki, kwa notisi ya maandishi, kumtaka mkusanyaji aache kuzitumia taarifa zake kwa matangazo ya biashara yanayomlenga yeye. Sheria haimtaki athibitishe kwamba matangazo hayo yamemletea hasara. Kutaka yakome kunatosha.

Kabla ya hapo kulikuwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, na watu wengi hawajui kuwa ina kipengele kuhusu jambo hilihili. Inakataza kutuma matangazo ya biashara ambayo mtu hakuyaomba, isipokuwa mlaji amekubali, mtumaji amejitambulisha yeye na lengo lake mwanzoni mwa ujumbe, na kuna njia ya kukataa ujumbe zaidi. Ina mlango mmoja kwa wafanyabiashara: kama anwani ilipatikana kwenye mauzo au mazungumzo ya mauzo, mtu akapewa nafasi ya kukataa na hakukataa, mwenye duka anaweza kumtangazia bidhaa zake za aina hiyohiyo, mradi kila ujumbe una njia ya kutokea.

Ulitazame kundi la kwanza kwa jicho hilo. Mwenye tovuti anaweza kusema kuangalia bei ni mazungumzo ya mauzo, na tiki ndiyo nafasi ya kukataa. Sikubaliani naye, lakini ana la kusema. Kundi la pili halina pa kushika kabisa. Mkopeshaji hakuwahi kumuuzia mama huyu kitu wala kuzungumza naye, na mkopo si bidhaa ya aina ya hotpoti. Mlango ule haukutengenezwa kwa ajili ya "washirika wetu".

Kuhusu tiki iliyowekwa mapema, wenzetu wa Ulaya walishalifikisha mahakamani. Oktoba 1, 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la kampuni ya Planet49, ilisema kisanduku ambacho tayari kina tiki si ridhaa halali, kwa kuwa kunyamaza kwa mtu hakuonyeshi kwamba amekubali. Uamuzi huo haulifungi duka la Kariakoo. Hoja yake lakini inaeleweka na mtu yeyote hapa: ukinikuta nimekaa kimya huwezi kwenda kusema nilikuambia ndiyo.

Tulichofanya

Tulianza na kundi la tatu kwa sababu lina hatari na halina mjadala. Hatukubofya kitu ndani ya barua. Tuliziripoti kama za kitapeli kupitia Gmail yenyewe, basi.

Kundi la pili lilitushangaza kwa wepesi, kasoro mmoja. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanawataka watumaji wakubwa wa matangazo waweke njia ya kujiondoa kwa mguso mmoja na wayatekeleze maombi hayo ndani ya siku mbili. Kwa Google, mtumaji mkubwa ni anayepeleka ujumbe 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti za Gmail. Ndiyo maana kwenye Gmail unaona neno la kujiondoa juu kabisa, karibu na jina la mtumaji, bila kushuka kuwinda maandishi ya kijivu. Sharti jingine ni kwamba wanaomripoti mtumaji kuwa ni taka wasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 katika ujumbe 1,000. Akizidi, barua zake zinaanza kukataliwa au kwenda kwenye taka kwa watu wote. Kitufe cha kuripoti taka kina nguvu kuliko wengi wanavyodhani, na kwa mtu wa Segerea kinafanya kazi haraka kuliko mahakama yoyote. Watu wa kozi na wa vifurushi walinyamaza baada ya hapo.

Tovuti ya Kariakoo haikuwa na njia hiyo ya mguso mmoja. Kiungo chake cha chini kilimtaka aingie kwanza kwa nenosiri, ambalo alishalisahau. Akaomba jipya, akaingia, akatoa tiki zote. Ofa za kila siku zikakoma. Jarida likaendelea.

Hapo tukaandika barua. Naiweka hapa kwa sababu mtu yeyote anaweza kuitumia:

"Mimi ndiye mwenye anwani ya barua pepe ninayotumia kuwaandikia. Nilijisajili kwenye tovuti yenu ili nione bei. Sikuomba matangazo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nawataka muache kutumia taarifa zangu kwa matangazo ya biashara, kwenye orodha zenu zote. Naomba pia mnieleze ni taarifa zangu zipi mnazo, mmewapa akina nani, na muwatake nao waziondoe. Naomba jibu kwa maandishi."

Mama alitaka ianze na "Samahani kwa usumbufu". Ni mwanamke mwenye adabu, amelelewa hivyo, na mimi pia. Tulilijadili hilo kuliko mstari mwingine wowote. Mwisho akakubali kuanza na "Habari za kazi", maana yeye ndiye aliyesumbuliwa, na barua inayoanza kwa kuomba radhi husomwa kama ombi la hisani.

Jibu la kwanza halikuwa la maandishi. Alipigiwa na kijana wa huduma kwa wateja.

"Mama, shikamoo. Zile ni ofa tu, hazina ubaya. Wateja wengine wanazipenda."

"Marahaba mwanangu. Wanaozipenda watumieni. Mimi zimenikosesha kazi. Namba ya simu nayo mmempa nani?"

Kijana akasema ataulizia. Siku chache baadaye likaja jibu la barua pepe: ameondolewa kwenye orodha zote, na waliowahi kupewa anwani yake ni "washirika wa kibiashara" wasiotajwa majina. Muda haukupita likaingia jarida la mwezi. Tukairudisha barua ileile na nakala ya jibu lao wenyewe, tukaongeza sentensi moja kwamba likija jingine malalamiko yatapelekwa Tume. Halijaja.

Anwani mpya au ileile

Mpwa wake alikuwa na shauri la tangu mwanzo: afungue Gmail nyingine, hii aitupe. Vijana wengi wanalitoa shauri hilo, na kwa mtu ambaye barua pepe yake ni ya kufungulia simu tu, sina ubishi nalo. Kwa mfanyabiashara ni hasara juu ya hasara. Anwani ya mama ipo kwenye kadi zake, kwenye bango la getini, benki, kwenye usajili wake wa kodi, na kwenye simu za maofisa manunuzi ambao humtafuta mara moja kwa mwaka. Akiihama, ofisi ya Posta itakapotaka mpishi tena itaandika kwenye nyumba tupu. Aliyekosea ni mtumaji, sioni kwa nini mama ndiye ahame.

Tulichofanya ni kufungua anwani ya pili kwa ajili ya kujisajilia tu, mahali popote panapodai usajili kabla ya kuonyesha bei. Hiyo haina mlio. Pia nilimwonyesha kwamba kwenye Gmail unaweza kuongeza alama ya kujumlisha na neno kabla ya alama ya @, kwa mfano jina+vyombo, na barua zitafika kwenye kikasha kilekile zikiwa na neno hilo, kwa hiyo siku ikivuja unajua imevuja wapi. Fomu nyingine huikataa alama hiyo, na mtumaji mjanja anaweza kuiondoa. Bado ni nzuri kwa mtu anayependa kufuatilia. Mama alisema yeye hana muda huo, na ana haki.

Kwenye anwani ya biashara tuliweka kichujio: barua yenye neno profoma, oda, semina, au maneno ya Kiingereza ambayo maofisa manunuzi huyaandika, inawekwa lebo ya "Kazi" na haipelekwi kwenye taka kamwe. Programu ya Gmail kwenye Android inaruhusu kuipa lebo mlio wake. Lebo hiyo ndiyo pekee inayolia sasa. Kichujio hakina akili ya mtu, kwa hiyo nilimwambia kila jioni akague kikasha chote, na mara moja kwa wiki akague taka, kwa sababu hata barua nzuri huangukia huko.

Mkopeshaji

Huyu ndiye amebaki. Mguso wa kujiondoa haukumfanya chochote, barua zake zikawa zinakuja kutoka anwani mpya kila baada ya siku kadhaa. Mama akamwandikia barua ileile. Jibu lilikuja upesi na kwa lugha ya upole: ili ombi lake lishughulikiwe, atume picha ya kitambulisho chake cha taifa cha NIDA mbele na nyuma, pamoja na picha yake akiwa amekishika.

Aliniletea akiwa ameshapiga picha, amebakiza kutuma. Nilimsihi asitume. Anayetaka kuondoa anwani ya barua pepe kwenye orodha anahitaji kuijua anwani hiyo tu, na anwani anayo, ndiyo anayoitumia kila siku. Kitambulisho na sura ya mtu ndivyo vitu ambavyo wakopeshaji wa mtandaoni huvitumia kumfungulia mtu mkopo. Mtu ambaye hakuwahi kuwa mteja wao angetoka hapo akiwa amewapa kila kitu cha kumfanya awe mteja, kwa kisingizio cha kumwondoa.

Malalamiko yamepelekwa Tume yakiwa na viambatanisho vinne: barua zenye "Mpendwa Segerea", notisi yake ya maandishi, jibu la tovuti linalokiri kwamba anwani iligawiwa, na jibu la mkopeshaji la kudai kitambulisho. Mama aliongeza cha tano kwa shauri lake mwenyewe, barua ya ofisi ya Posta yenye tarehe na saa iliyoingia. Nilimkumbusha kwamba sheria haimdai athibitishe hasara. Akasema anajua, ila anataka atakayelisoma faili aone ni kitu gani kilipotea.